Mpakani Tunakagua Gunia, Mche Unapita

Aprili 2025 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Chanzo kinajulikana: mwezi mmoja kabla, Malawi ilikuwa imezuia mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi yetu, na Afrika Kusini ilikuwa imezikatalia ndizi za Tanzania kwa miaka. Siku chache baadaye mazungumzo yakaanza, marufuku ikaondolewa, malori yakaendelea na safari. Lakini huku Nyanda za Juu Kusini, tunaopakana na Malawi kwa Kasumulu na Zambia kwa Tunduma, kuna kauli iliyobaki vijiweni na mitandaoni, na kila mpaka unapotajwa inafufuka: kwamba hatua ile ilikuwa kinga ya mashamba yetu dhidi ya wadudu na magonjwa ya nje, na kwamba tungekaza zaidi tungekuwa salama zaidi. Kauli hiyo ni potofu, na upotofu wake una gharama. Marufuku ile ilikuwa ya biashara kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na hata ukaguzi wenyewe wa kila siku, ule wa kweli, macho yake mengi yameelekezwa kwenye lori la chakula, wakati kitu cha hatari zaidi, yaani mbegu, mche, kikonyo (kijiti cha kupandikizia) na chipukizi, kinapita ndani ya begi la abiria.

Tumtendee haki Hussein Bashe, waziri wa kilimo wakati ule. Hakusema anapigana na wadudu. Alieleza kwamba analinda maslahi ya wakulima na wafanyabiashara wa Tanzania waliofungiwa soko, na ni sisi tulioongeza mengine. Karantini ya mimea, yaani kukagua na kuzuia mimea inayoweza kuleta wadudu na magonjwa, ni jambo lenye sheria yake na akili yake. Hapa nchini inasimamiwa na Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kwa kuunganisha iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ya Arusha na huduma za afya ya mimea zilizokuwa wizarani. Kimataifa kuna mkataba wa kulinda mimea wa 1951, na kuna makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani ya 1995 yanayotaka kila zuio la namna hii liwe na sababu ya kisayansi: mdudu gani, anaingiaje, ataleta hasara gani. Mwanasiasa anauliza nani katufungia soko. Mkaguzi anauliza mzigo huu una nini ndani yake, na ukifika unakokwenda utafanywa nini. Hilo swali la pili ndilo tunalolipuuza. Mahindi ya kusaga na mahindi ya kupanda, hata yakitoka ghala moja, hatari yake si moja. Ya kwanza yanaishia mashineni na kwenye sufuria ya ugali. Ya pili yanafukiwa ardhini pamoja na chochote yalichokibeba, yanawekewa mbolea, yanapaliliwa, na mgeni aliyemo ndani yake anatunzwa kwa jasho letu wenyewe.

Tazama kazi inavyofanyika Tunduma, ambako tangu Oktoba 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha, maofisa wa Tanzania na Zambia wakihudumia mzigo kwa kituo kimoja badala ya viwili. Lori la nafaka likifika, wakala anapeleka karatasi: kibali cha kuingiza, kinachopaswa kuombwa kabla mzigo haujaondoka, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Mkaguzi anachoma magunia kadhaa kwa bambo, chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, anamwaga sampuli kwenye chekeche, anaitikisa, kisha anasoma kilichodondoka chini: vumbi jeupe, mbegu za magugu, kipande cha bawa, mdudu anayetambaa. Akiona kilicho hai, mzigo unafukizwa au unarudi. Kwa nafaka kazi hiyo inaeleweka, na inafaa. Lakini Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliopitiwa na mstari. Mgeni anaweza kuvuka bila kujua. Nimewahi kusafiri kwenda Mbeya ndani ya basi ambamo miche iliyofungwa kwenye gunia bichi ilikuwa chini ya kiti cha mbele yangu, mizizi ingali na udongo, na mwenyewe akasema ni zawadi ya shemeji yake wa ng'ambo. Hakuwa mhalifu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ule ni mzigo wa kutangaza. Na hata mkaguzi angeushika ule mche mkononi, bambo lake lisingemsaidia: kirusi hakidondoki kwenye chekeche.

Ukirudi nyuma kuangalia wageni wakubwa waliotutesa walivyoingia barani, vitu vya kupanda vinajirudia kwa namna inayotisha. Kidung'ata wa muhogo, yule mdudu mwenye unga mweupe, alitoka Amerika Kusini akaonekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na maelezo yanayokubalika ni kwamba alipanda juu ya vipando vya muhogo. Akasambaa sehemu kubwa ya ukanda wa muhogo wa Afrika, hadi watafiti walipomfuata kwao, wakakuta nyigu mdogo anayemuua huko Paraguay, na Hans Herren aliyeongoza kazi ya kumsambaza nyigu huyo akapewa Tuzo ya Chakula Duniani ya 1995. Kidukari wa misindano, ambaye wenye mashamba ya miti ya Mufindi wanamfahamu, aliletwa Kenya na Zimbabwe mwaka 1968 na vikonyo vilivyoagizwa Australia. Minyoo ya viazi inayojifungia kwenye vifuko vidogo kama punje ya haradali, na ambayo mayai yake yanaweza kukaa ardhini hai kwa miaka ishirini na zaidi, ilithibitishwa Kenya mwaka 2015. Husafiri na kiazi mbegu na udongo uliokishikilia. Mnyauko wa migomba wa aina mpya, unaojulikana kama TR4, uligunduliwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013, upande wa pili wa Ruvuma. Huo haurukiruki. Unatembea na chipukizi, na tope la buti, na matairi ya trekta la mitumba lililotoka shamba jingine bila kuoshwa. Halafu kuna kile kirusi kinachoyakusanya majani ya mgomba kileleni mpaka mti ukadumaa bila kuzaa. Malawi imehangaika nacho tangu miaka ya 1990, na hapa kwetu kiliripotiwa Kigoma miaka ya karibuni. Vidukari hukitoa mgomba mmoja hadi wa jirani, lakini safari ya kutoka wilaya hadi wilaya anaifanya mtu mwenye machipukizi begani. Mkulima wa Rungwe ambaye migomba ndiyo akiba yake anapaswa kulijua hilo kuliko anavyojua bei ya mkungu pale Kiwira.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni dumuzi. Huyu hakuja na mche. Ni mdudu wa Amerika ya Kati aliyejitokeza Tabora kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, akiwa ndani ya mahindi ya chakula, na wakulima wakampa jina la Scania. Aliyewahi kufungua gunia alilolivamia hasahau: ukilinyanyua ni jepesi, ukilimwaga unatoka unga, punje zimebaki maganda yenye matundu, na mbao za kihenge nazo zimetobolewa. Hasara inaweza kufika theluthi ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache tu. Kwa hiyo anayesema "mahindi ya kula hayana neno, yaachwe yapite" hajawahi kuweka akiba ya mwaka mzima darini. Nafaka lazima ikaguliwe, na hasa sisi tunaolisha nchi na majirani, maana lori linalotoka Mbozi au Songea likiwa na dumuzi linampeleka mbali. Hata hivyo dumuzi mwenyewe anatufundisha tofauti ninayoisema. Ni mdudu anayeonekana. Anakamatwa kwa chekeche. Anauawa kwa kufukiza, anazuiwa kwa kukausha vizuri na kwa mifuko isiyopitisha hewa, na kwao alikuwa na adui ambaye naye aliletwa kumwinda. Tena alipokwisha kuingia, aliyemsambaza mikoani ni malori yetu wenyewe, si ya jirani. Kirusi kilichomo ndani ya mche hakina dawa. Minyoo ya viazi ikishika shamba la Umalila, hakuna mtu atakayefukiza mlima. Tunapokuwa na wakaguzi wachache na saa chache, ni haki kuwapeleka zaidi kule ambako kosa moja halirekebishiki.

Upande wa pili wapo wanaosema ukaguzi ni kupoteza muda kwa sababu wadudu hawaombi pasipoti. Mfano wao ni viwavijeshi vamizi: walionekana Afrika Magharibi mapema 2016, mwisho wa mwaka huo walikuwa Zambia, na 2017 walikuwa Rukwa, na nondo wake anaweza kuruka hata kilomita mia moja kwa usiku mmoja. Ni kweli, hakuna geti lingemzuia pale Tunduma. Lakini hoja hii ni dhaifu kuliko inavyosikika, kwa sababu inaanza hadithi katikati. Kabla ya 2016 mdudu huyo alikuwa upande wa pili wa Atlantiki, ambako ameishi enzi na enzi, na kilichomvusha bahari kinachodhaniwa zaidi ni mizigo na usafiri wa binadamu. Alihitaji mlango mmoja ulioachwa wazi. Kantangaze wa nyanya vivyo hivyo: kutoka Amerika Kusini alitua Hispania mwaka 2006, na ilimchukua hadi 2014 kutangazwa Tanzania. Miaka minane. Anaruka, ndiyo, lakini anapenda zaidi kubebwa ndani ya nyanya na kwenye matenga yanayorudi matupu kutoka sokoni, yakiwa na mabuu yamejibanza kwenye nyufa za mbao. Ukienda Ilula msimu wa nyanya, tazama matenga yanavyorushwa kutoka gari hadi gari. Hakuna anayeyapiga maji. Na hata pale mdudu atakapofika tu, miaka ya kuchelewa ina thamani. Ndiyo miaka ya kutafuta aina zinazostahimili, kufundisha mabwana shamba kumtambua, kusajili dawa sahihi. Viwavijeshi walitukuta hatuna hata kimoja, na msimu ule watu walimwagia mahindi dawa ya kila rangi.

Wenye siasa ya kufunga mpaka wana hoja bora kidogo: mzigo usioingia hauleti mdudu. Tatizo ni kwamba mzigo hauachi kuingia. Unahama kutoka barabarani kwenda njia za panya, kutoka lori kwenda baiskeli na bodaboda, kutoka mchana kwenda usiku. Mama anayevusha debe mbili za maharage pale Kasumulu hatakoma kwa sababu ya tangazo. Ana mteja, ana marejesho ya kikundi Ijumaa, na ana ndugu pande zote mbili za Mto Songwe. Siku ya marufuku anakuwa magendo, na mkaguzi anapoteza kitu cha thamani kuliko ushuru, yaani kujua ni kitu gani kinapita, kimetoka wapi na kinakwenda kupandwa au kupikwa. Nami nakiri kuwa mlolongo wa sasa wa vibali, ulioandikwa kwa kampuni yenye wakala wa forodha, unamsukuma kule kule hata pasipo marufuku. Geti lenye karatasi nyingi pia huzaa bei ya kuzikwepa. Tusijifanye hatulijui hilo.

Hapa inabidi nigeuke kidogo, maana mgawanyo wangu wa chakula na mbegu una tundu. Mkulima wetu ananunua chakula na kukigeuza mbegu. Maharage anayopanda Umalila au Makete mara nyingi yalichotwa sokoni. Viazi vidogo vinavyobaki baada ya lumbesa kufungwa ndivyo vinavyoachwa vichipue kwa msimu ujao, na kwa njia hiyo mnyauko wa bakteria umehama bonde hadi bonde miaka yote bila kuvuka mpaka wowote. Kwa hiyo gunia la viazi lililoandikwa "ya kula" linaweza kuwa shambani wiki tatu baadaye, na mkaguzi hana namna ya kulifuata. Ukaguzi wa mpakani hauwezi kuziba tundu hilo, hata tukiuongezea askari. Linazibwa na mbegu safi iliyopo karibu, kwa bei inayolipika, wakati mvua zinaanza. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole kimekuwa kikifanya kazi ya viazi kwa muda mrefu, na aina nzuri zipo. Kinachopungua ni wingi wa mbegu iliyothibitishwa inayomfikia mtu wa kijijini. Hali ni hiyo hiyo kwa mahindi. Mkulima wa Momba anayevuka kununua mfuko wa mbegu Nakonde anafuata aina aliyoiona ikibeba vizuri kwa jirani, tena yenye bei anayoimudu. Nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, zina utaratibu wa orodha ya pamoja ya mbegu, aina iliyoidhinishwa katika nchi mbili ikaruhusiwa kuuzwa kwingine. Tukiutumia kwa bidii, mfuko ule ungeuzwa dukani Vwawa ukiwa na lebo na cheti, na karantini ingekuwa imefanya kazi bila mtu kusimamishwa barabarani.

Na kuna suala la heshima ya cheti chetu wenyewe, ambalo kwenye kelele za Aprili halikusikika kabisa. Novemba 2022 Tanzania na China zilisaini itifaki ya kuuza parachichi, na Rungwe, Njombe na Mufindi wamepanda parachichi za aina ya Hass kwa matumaini hayo na ya masoko mengine. Masoko ya aina hiyo hayanunui tunda peke yake. Yanataka shamba lililosajiliwa, nyumba ya kufungashia iliyokaguliwa, na kumbukumbu za wadudu kama inzi wa matunda kutoka Asia, yule aliyeonekana pwani ya Kenya na kisha Tanzania mwaka 2003. Mnunuzi wa Guangzhou anaiamini sahihi ya ofisa wa TPHPA kwa sababu anaamini kwamba ofisa huyo husema mdudu yupo akiwepo, na hayupo asipokuwepo, bila kujali nani kamuudhi nani kisiasa. Siku tutakapoitumia karantini kama rungu la kumrudishia jirani, sahihi hiyo inapungua bei. Ndiyo maana ningependa ugomvi wa soko uendelee kuitwa ugomvi wa soko, kama waziri alivyouita, na usivishwe koti la sayansi na mashabiki.

Parachichi hizo hizo ndizo pia zinanitia hofu kuhusu vikonyo. Kila anayefungua kitalu anataka kikonyo cha mti maarufu, na umaarufu hauna mpaka. Kuna ugonjwa wa parachichi unaojulikana Afrika Kusini, unaochora michirizi ya njano kwenye tunda na kulishusha daraja. Unaenea kwa kikonyo na kwa kokwa, na mti unaweza kuubeba miaka bila dalili yoyote. Mtu mmoja akiupitisha kwenye mkoba wa kompyuta uwanja wa ndege wa Songwe, kitalu kimoja kinaweza kuusambaza kwa miche elfu kadhaa kabla ya tunda la kwanza. Hapo bambo la Tunduma halina habari kabisa.

Kwa hiyo ningeanzia vitaluni. Wiki za kabla ya mvua, miche inapopakiwa Tukuyu, Njombe na Mafinga, mkaguzi awe huko akiuliza vikonyo vilitoka mti gani, na kitalu kisichoweza kujibu kisiuze. Mpakani na stendi liwepo bango la Kiswahili, Kinyakyusa, Kichewa na Kibemba linalosema wazi vitu vichache visivyobebwa bila kibali: miche, machipukizi, vikonyo, viazi mbegu, udongo. Mchuuzi wa magunia machache ya nafaka apate karatasi fupi ya hapo hapo, ya bei ndogo, ili apite mchana na mzigo wake uchekechwe. Trekta na mashine ya kuvunia mpunga inayokwenda Mbarali ioshwe kabla ya kuvuka, kwa gharama ya mwenyewe. Miche inayoagizwa kihalali ikae mahali pa uangalizi hadi vipimo vitoke, hata kama msimu utampita mwagizaji. Wenye vitalu watalalamika kwa nguvu, na sauti zao zinafika Dodoma haraka kuliko za wenye migomba miwili nyuma ya nyumba. Wizara itakapopanga bajeti ya wakaguzi ijayo, nitatazama kwanza ni wangapi wamepewa pikipiki.